Kabla ya elaiza kulikuwa na panya wa Entebbe

Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, iliyoanza Entebbe mwaka 1936, inatimiza miaka 90. Ukishuka treni Itigi, mkoani Singida, ukauliza habari hiyo, utatazamwa tu. Lakini Singida imo katika habari za virusi: homa ya Bonde la Ufa ilipopiga mikoa 10 ya Tanzania mwaka 2007, mkoa huu ulikuwa mmojawapo.

Waanzilishi wa Entebbe, Rockefeller Foundation ya Marekani, walikuwa wakiisaka homa ya manjano, na silaha yao ilikuwa panya weupe. Mtu alitolewa damu, ikaachwa igande, majimaji yake yakadungwa panya pamoja na virusi hai. Panya wakifa, mwenye damu hana kinga. Wakipona, kumbe alishaugua, pengine utotoni, na nyumbani wakasema ni malaria. Kisha waliangalia umri. Wazee peke yao wakiwa na kinga, ugonjwa ulipita zamani. Watoto nao wakiwa nayo, mbu bado wanausambaza.

Majibu hayo yalileta zogo. India ilikuwa na mbu wa kuusambaza ugonjwa huo ila haikuwa nao, na ilizihofia ndege zitokazo Afrika. Eneo lilipoonekana lina kinga, wasafiri wake walitazamiwa kuwekwa karantini, hata kama zahanati zake hazikuwahi kuandika mgonjwa. Bwamba, magharibi mwa Uganda, ndiyo iliyotoa jawabu la kinga isiyo na wagonjwa: kwanza damu ya wakazi ilionyesha kinga, na mwaka 1941 virusi vyenyewe vikanaswa kwa mgonjwa. Ikabainika kwamba kima msituni wanaambukizana kupitia mbu wa juu mitini, na mbu wa migombani wanauleta kwa watu.

Mwaka 1952 ikaja zamu ya virusi vya Zika. Kingamwili zake zilikutwa kwa watu wa Uganda na Tanganyika, na hapakuwa na mgonjwa hata mmoja aliyejulikana. Tanzania iliingia katika historia ya Zika kwa damu tu.

Siku hizi elaiza, kipimo cha maabara cha kutafuta kingamwili, imewapumzisha panya, ingawa dengi, Zika na homa ya manjano ni virusi vya ukoo mmoja na kingamwili zao huweza kumchanganya mpimaji. Kasoro kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba tunakumbuka kupima watu mlipuko ukishaanza. Mfugaji wa Itigi hatembelewi na mwenye sindano mpaka mbuzi wake waanze kutupa mimba kwa homa ya Bonde la Ufa.