Mche Uliopanda Kilimanjaro

Anayetaka kujua jinsi utafiti unavyogeuka kuwa biashara katika nchi hii, namshauri aziache kwanza kumbi za semina, apande Kilema. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao hapo, upande wa Vunjo, mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wameotesha kahawa ya arabika. Mbegu yenyewe ilitoka mbali: kisiwa cha Réunion, kisha misheni ya Bagamoyo, ndipo ikafika mlimani. Maabara haikuwepo. Ilikuwepo bustani, na nje ya ua wa masale walikuwepo majirani waliokuwa na vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vyenye migomba, kivuli na maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia. Kahawa haikuhitaji zaidi ya hayo.

Kutoka Kilema nimeifuata njia ya juu kuelekea magharibi: Old Moshi, Kibosho, halafu Lyamungu. Ni njia ya kushuka korongo na kupanda, maana kila baada ya mwendo mfupi unakutana na mto: Rau, Karanga, Weruweru. Kahawa ilipita huku huku, kihamba kwa kihamba, na ilipofika miaka ya 1920 ilikuwa imeshakuwa suala la siasa. Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza wilayani Moshi baada ya Vita vya Kwanza, aliwahimiza Wachagga walime. Walowezi wakaja juu. Hoja waliyoitanguliza ilikuwa na sura ya kisayansi: shamba la Mwafrika litakuwa maficho ya wadudu na magonjwa, na mashamba makubwa yataambukizwa. Hofu ya kukosa vibarua na kuporomoka kwa bei waliiweka nyuma.

Jibu la wakulima ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mwaka 1925 waliunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, chini ya Joseph Merinyo. Walitetea haki yao ya kulima, lakini pia waliijibu hoja yenyewe: walitafuta dawa na vifaa vya kupulizia, wakahimizana kutunza miti. Kwa maneno mengine, hawakumwachia mlowezi sayansi iwe mali yake.

Bei za dunia zilipoanguka mwishoni mwa muongo ule, chama kikayumba. Mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Mwaka uliofuata, 1934, serikali ikafungua kituo cha utafiti wa kahawa Lyamungu, karibu mita 1,270 juu ya usawa wa bahari. Naomba msomaji aishike miaka hiyo miwili. Mlima ulipata chombo cha biashara na chombo cha utafiti karibu kwa pamoja, na naamini sehemu kubwa ya mafanikio ya kahawa ya Kilimanjaro imejificha hapo. Sisemi mambo yalikuwa shwari. Mwaka 1937 zilizuka ghasia, wakulima wakipinga sheria iliyowalazimisha kuuza kahawa yao kupitia KNCU tu. Lakini mtafiti wa Lyamungu alipopata jibu, palikuwa na mlango wa kubisha.

Kazi ya Lyamungu ya miaka ile ilikuwa ya kuchosha. Walipima mavuno ya mti mmoja mmoja, msimu baada ya msimu, wakachagua iliyozaa vizuri na kuiendeleza. Ndiko zilikotoka aina kama N39 na KP423, zilizotawala vihamba hadi karne hii. Zina kikombe kizuri, ila zina udhaifu mmoja mkubwa: haziwezi kustahimili chulebuni wala kutu ya majani. Chulebuni, ugonjwa uliotambuliwa Kenya mwaka 1922, uliingia Tanzania mwaka 1964. Huozesha punje ikiwa bado changa. Tangu hapo mkulima alilazimika kupulizia dawa za mrututu mara kwa mara, na asiye na fedha ya dawa aliitazama kahawa yake ikianguka chini nyeusi.

Kisha mlango ule wa ushirika ukafungwa. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, na viliporudi katika miaka ya 1980 vilirudi vimedhoofika. Mwaka 1989 mfumo wa dunia wa kugawana mauzo ya kahawa ukavunjika, bei zikaporomoka. Wakati huo Kenya ilikuwa imeshatoa Ruiru 11, aina yenye ukinzani, tangu mwaka 1985. Kwetu miti ilizeeka mashambani, na wengi wakageukia nyanya na ng'ombe wa maziwa. Utafiti ulikuwepo, ila hapakuwa na wa kuubeba.

Mwaka 2001 kituo cha Lyamungu kilipata mwenye nyumba mpya: Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI. Iliundwa kama kampuni isiyogawana faida, inayoongozwa na wadau wa kahawa wenyewe, wakulima wakiwemo. Miaka michache baadaye, 2005, ikaanza kutoa aina chotara zinazokinza chulebuni na kutu. Damu ya ukinzani ilitoka mbali, kwa mti wa Timor uliotokana na arabika na robusta kuchanganyika zenyewe, na kwa Rume Sudan, kahawa ya mwituni ya Sudan Kusini. Walizichanganya na aina zetu ili kikombe cha Kilimanjaro kisipotee.

Hapa ndipo sayansi ilipozaa biashara, na sababu ni ya kibaiolojia kabisa. Ukiotesha mbegu ya chotara, watoto hawafanani na mama: mmoja atakinza, mwingine atakufa. Njia ya uhakika ni kikonyo. Unakata kipande cha chipukizi kwenye bustani mama, unakipanda kwenye sanduku lililofunikwa nailoni ili unyevu usitoroke, unasubiri kiote mizizi, ndipo unakihamishia kwenye kiriba. Kazi hii inataka mkono mwepesi na uangalizi wa kila siku. Taasisi moja isingeweza kuufikia mlima mzima, sembuse wilaya nyingine za kahawa kama Mbinga na Mbozi. Kwa hiyo vikundi vya wakulima vilifundishwa, vikapewa miti ya kuanzishia bustani mama, vikaanza kuzalisha miche na kuiuza kwa majirani. Bidhaa ya kwanza ya utafiti ule ikawa mche ndani ya kiriba, na muuzaji wake ni mwanakijiji anayejulikana kwa jina. Binafsi nauona huu kuwa mfano bora wa biashara iliyotokana na utafiti katika nchi hii, ingawa hauvutii kamera.

Unaovutia kamera uko mbele kidogo, ukishika barabara ya Arusha hadi Tengeru. Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na chembechembe za nano, ambalo hupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, floraidi ikiwemo. Anayejua meno ya kahawia ya watu wa Meru na tambarare za Hai na Siha anaelewa kwa nini. Aliipa kampuni yake jina la kijiji chake cha Karatu, Gongali, na mwaka 2015 akashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, pauni 25,000. Akaelewa mapema kuwa maskini hanunui mtambo, hununua ndoo ya maji, hivyo machujio yakapelekwa kwa wachuuzi wadogo wa vituo vya maji. Hilonga na mwotesha miche wa Lyamungu wamefika mahali pamoja: kila mmoja amejua nani atalipa, na atalipa kwa kiasi gani.

Vyuo vyetu sasa vinahimizwa kufuata njia ya Marekani, ambako sheria ya mwaka 1980 iliviruhusu vyuo vya huko kumiliki uvumbuzi uliofadhiliwa na serikali kuu. Hataza ina kazi yake. Lakini mjini Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza mwaka 1963 kama chuo cha ushirika na kupata hadhi kamili mwaka 2014, na kutoka hapo hadi Lyamungu si mbali kwa daladala. Chuo kinafundisha kuendesha chama na kutunza hesabu, Lyamungu inazalisha miche isiyohitaji mrututu. Kitalu kinachoendeshwa na wahitimu kwa ubia na AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, kingekuwa kampuni yenye wateja kabla haijasajiliwa.

Basi wewe mwanachama wa AMCOS, katika mkutano mkuu ujao usiulize bei ya kilo peke yake. Uliza miche ya msimu ujao itatoka kitalu gani, nani anakimiliki, na kwa nini asiwe kijana wenu aliyemaliza chuo hapo Moshi.