Debe la Maji na Mbwa wa Msasi

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko. Hao walikuwa watu wa pwani. Huku kwetu bara mambo ni kinyume: mbwa wa msasi hufa kwa kukosa maji, na hufa huku bado anataka kukimbia. Ukiifuatilia vizuri historia yake, utakuta nyuma yake kuna mtu kabeba maji. Mtu huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie leo.

Tuanze na Mmarekani mmoja, Paul Rainey. Mwaka 1911 tajiri huyu alifika Kenya, enzi hizo ikiwa chini ya Waingereza, na kundi la mbwa kutoka Mississippi waliozoea kukimbiza dubu. Safari hii walikuja kusaka simba. Mkufunzi wao alikuwa Er Shelley, ambaye kwao alijulikana kwa kufundisha mbwa wa kuwindia ndege. Mwaka 1912 filamu ya safari ile ikaonyeshwa Marekani, na kati ya picha zilizosifiwa sana ni zile za wanyama waliokusanyika kunywa maji katika nchi kame. Kumbe hata filamu ya bunduki na simba ilibebwa na maji!

Sasa piga hesabu nami. Mbwa wa kilo 25 anayeshinda kivulini anahitaji kama lita moja na nusu kwa siku. Mkimbize juani, mahitaji yanaweza kufika lita tatu au kuzidi. Tuseme kundi lina mbwa 40: hizo ni lita 120. Debe moja huchukua kama lita 18. Basi hapo unahitaji madebe saba, yaani vichwa saba vya watu, kwa maji ya mbwa peke yake. Bado farasi, bado maji ya bwana mkubwa ya kuoga, bado wapagazi wenyewe na koo zao. Hesabu hii ni yangu, lakini uzito wa maji haujabadilika tangu 1911.

Kwa nini mbwa asumbuke hivyo? Kwa sababu hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Lake ni kidogo tu, kwenye nyayo. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje, na kuhema huko kunakula maji. Tena akihemea mdomoni pua hainusi sawasawa, kwa hiyo mbwa mwenye joto huharibu kazi kabla hajaugua. Joto lake la kawaida ni kama nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likipita 41, we acha tu: ulimi mwekundu kupindukia, mate mazito, anayumba kama mlevi, mwisho puu, chini. Punda akichoka anagoma. Mbwa wa msasi anamtazama bwana wake, kisha anakwenda tena. Kwa hiyo breki iko kwa binadamu.

Wanaoijua kazi hii huanza alfajiri, jua halijakolea. Humpa mbwa maji kidogo kidogo, mara kwa mara, na mlo mzito huungoja mwisho wa kazi. Mbwa mgeni aliyetoka nchi za baridi hupewa siku za kuzoea joto. Akianza kuyumba, kazi inakatishwa hapo hapo: kivulini, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, ndipo akimbizwe kwa daktari wa mifugo. Asifunikwe kwa taulo bichi, maana joto litabaki ndani. Akizimia, asimiminiwe maji mdomoni.

Mimi naandika haya kutoka Maji ya Chai, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, na hapa mtu hujifunza mapema kwamba kuona maji si kupata maji. Jina letu limetokana na mto wenye maji ya rangi ya chai. Maji mengi ya upande huu wa Mlima Meru yana floridi nyingi, kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidishwe. Floridi hiyo ndiyo iliyoyatia meno yetu kahawia, na wengine imewapinda hata miguu. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuipunguza, na njia mojawapo ni kuchuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Juu zaidi, maziwa ya Momella yanameremeta, lakini ni ya magadi. Mtu na mbwa wake wanaweza kusimama ukingoni na kiu yao. Ndiyo maana maji hubebwa.

Na kazi hiyo haijaisha. Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wa mbwa wa kunusa meno ya tembo na pembe za faru, na mafunzo yakafanyika huku huku karibu na Arusha. Baadhi ya mbwa hao walipelekwa bandari ya Mombasa, kwenye joto na unyevu. Zamani mbwa alimsaidia mwenye bunduki kumpata mnyama. Hawa wanasaidia kumnasa mwenye bunduki. Lakini kiu ni ile ile.

Rainey alifariki mwaka 1923 akiwa melini, akazikwa baharini, na jina lake tunalo. La Shelley tunalo. Wapagazi katika masimulizi ya safari za namna ile mara nyingi ni idadi tu: watu kadhaa, mizigo kadhaa. Bila madebe yao mbwa wasingefika adhuhuri, na bila mbwa hakuna simba, hakuna filamu. Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, siku utakapokaa kuandika habari za msasi hodari, usikimbilie bunduki. Uliza kwanza: maji kabeba nani?