Puli: mpira ukikaa pabaya, upige wapi?

Kwenye meza za puli, kuanzia Tarime hadi Mbalibali na Mugumu, wengi hukosa kwa sababu hukodolea macho shimo na kusahau mahali pa kugonga.

Kabla ya kupiga, vuta mstari kwa macho kutoka shimoni, upite katikati ya mpira unaoutaka. Pale mstari unapotokea nyuma ya mpira ndipo mweupe uguse. Lakini usielekeze fimbo penye alama hiyo. Rudi nyuma kwa nusu ya unene wa mpira. Katikati ya mweupe ifike hapo.

Mpira ukigandana na ukingo, mweupe uguse mpira na ukingo kwa pamoja. Piga taratibu, maana nguvu nyingi huurudisha kutoka kwenye mdomo wa shimo.

Ukizibiwa njia, jiulize: nikikosa, mwenzangu atabaki na nini? Nafasi ikiwa finyu, gusa mpira wako na uufiche mweupe nyuma ya mipira yako. Kwa kanuni za meza nyingi, faulo humpa mpinzani mapigo mawili.

Ukifika kwenye mweusi, angalia pia mweupe utaishia wapi. Yote miwili ikitumbukia, umeshindwa, na zamu ya mezani ni ya mwingine.