Mizani ya Mwili na Mizani ya Utu



Katika miji yetu ya pwani lakabu za mwili hazimkosi mtu. Mnene huitwa tipwatipwa, mwembamba hufananishwa na ng'onda, na wote hucheka isipokuwa mwenyewe. Siku hizi kejeli hiyo imepata msaidizi, nayo ni mizani na jedwali lake. Mtu akipita kiwango kilichoandikwa, wengine hudhani wamekwisha pata ushahidi wa uvivu na ulafi wake. Basi yafaa tujue mizani hii ilitoka wapi, na waliotutangulia walimtazamaje mwenye mwili usiofanana na wa wenziwe.

Tuanze na Sahaba Abdalla bin Masud (R.A.). Alikuwa mtu mfupi, na miundi yake myembamba mno. Huyu ndiye aliyesimama karibu na Kaaba akaisoma Kurani kwa sauti mbele ya Makureshi, wakampiga usoni naye asinyamaze. Siku moja alipanda mti kuchuma misuwaki. Upepo ukaifunua miguu yake, na waliokuwapo wakacheka. Mtume (S.A.W.) akawauliza wanachekea nini. Walipomjibu, aliwaambia kuwa miguu ile itakuwa mizito zaidi katika mizani kuliko mlima wa Uhud.

Na mnene je? Katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra (632), alikuwamo Bibi Sauda binti Zam'a (R.A.), mkewe Mtume, mwenye mwili mzito na mwendo wa polepole. Usiku wa Muzdalifa aliomba ruhusa atangulie kuondoka kabla ya msongamano wa watu, naye akaruhusiwa. Hatusomi popote kwamba aliambiwa apungue kwanza ndipo aonewe huruma. Aliyeisimulia habari hii ni Bibi Aisha (R.A.), aliyekuwa bado kijana, na alisema alitamani laiti naye angaliomba ruhusa kama ile. Yaani uzito wa Bibi Sauda ulikuwa ni udhuru wa kupewa nafasi, na wala haukumpunguzia heshima.

Amma jedwali la leo, asili yake ni Ulaya, kiasi cha miaka mia mbili iliyopita. Adolphe Quetelet, aliyezaliwa Ghent mwaka 1796, alikuwa mtaalamu wa nyota na hisabati wa Ubelgiji. Mwaka 1835 alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya binadamu, akimtafuta mtu wa wastani katika hesabu za watu wengi. Aliona kuwa uzito wa watu wazima huelekea kufuatana na urefu uliozidishwa kwa urefu. Hakuwa tabibu, wala hakuwa akitafuta dawa ya unene.

Baada yake wakaja watu wa bima. Mwaka 1942 na 1943 kampuni ya Metropolitan Life ya New York ilitoa majedwali ya uzito uliosemwa kuwa bora, kwanza ya wanawake, kisha ya wanaume. Biashara ya bima ni kukisia nani atakufa mapema. Hata hivyo majedwali yale yaliingia hospitalini na majumbani. Mwaka 1972 Ancel Keys na wenziwe waliichukua hesabu ya Quetelet, wakaijaribu kwa maelfu ya wanaume wa nchi tano, wakaipa jina jipya. Wanawake hawakuwamo. Kisha mwaka 1998 wakuu wa afya wa Marekani waliteremsha kiwango, na mamilioni ya watu waliolala wakiwa wa kawaida wakaamka wakihesabiwa kuwa wamezidi, hali hawakuongeza hata ratili moja.

Hapana shaka tabibu ana haki ya kuuangalia uzito, kwani maradhi ya sukari na shinikizo la damu huwapata zaidi walionenepa. Lakini hiyo ni alama moja tu kati ya nyingi. Mwaka 2023 chama kikuu cha madaktari wa Marekani kiliwaonya wanachama wake wasikitegemee kipimo hiki peke yake.

Na iwapo mizani haitoshi hata kumjua mgonjwa, yatoshaje kumnyima mtu kazi? Jimbo la Michigan lilipitisha sheria mwaka 1976 iliyokataza kumbagua mtu kwa urefu au uzito wake. Jiji la New York lilifanya vivyo hivyo mwaka 2023. Majimbo mengi ya nchi hiyo hayana sheria ya namna hiyo mpaka leo.

Sisi, ndugu msomaji, hatuna haja ya kungoja sheria. Bibi mnene akiingia garini, msogezee nafasi bila kuguna, kama alivyopewa nafasi Bibi Sauda. Mgonjwa akija na maumivu ya tumbo, atazamwe tumbo kabla ya kukaripiwa kwa mwili wake. Mwajiri na amuulize mtu anajua kazi gani. Na wewe mzazi, kabla hujamtania mwanao mbele ya wageni, kumbuka miundi ya Abdalla bin Masud. Waliomcheka waliyaona yaliyo juu ya ardhi tu. Uzito wake wa kweli hawakuwa na mizani ya kuupimia.