Adobo: jina la mgeni, mapishi ya wenyeji

Wasee, ukipika kuku jioni kwa siki, saumu, pilipili manga na sosi ya soya, hiyo ni adobo ya Ufilipino. Jina ni la Kihispania, lakini mapishi sio. Kabla Wahispania waanze kutawala huko 1565, Wafilipino tayari walipika nyama kwa siki na chumvi ndio isiharibike na joto. Sosi ya soya ilikuja na wafanyabiashara Wachina.

Mwaka wa 1613, mtawa Mhispania Pedro de San Buenaventura alitoa kamusi ya Kitagalogi, akaita mapishi hayo adobo ya wenyeji. Jina likashika.

Mwenye kalamu ndiye hupeana jina. So andika vile shosho anapika, na vile yeye anaita, kabla mwingine akuandikie.