Maswali ya msanifu majengo kabla ya kuchora nyumba

Msanifu majengo ni mtaalamu anayebuni umbo la jengo, mpangilio wa vyumba vyake na jinsi litakavyopokea mwanga, hewa na mvua, kisha akafuatilia ujenzi hadi mwenyewe akabidhiwe funguo. Wengi humchukulia kuwa mchoraji wa ramani tu. Kutokana na dhana hiyo, watu hununua ramani zilizokwisha kuchorwa, au humwonyesha fundi picha ya nyumba ya jirani na kumwagiza awajengee kama ile. Huenda nyumba ya jirani imesimama juu ya mwamba na inakaliwa na watu wawili, ilhali anayeiiga ana ploti ya udongo mweusi na familia ya watu wanane.

Tuchukue mfano wa mwalimu anayekaribia kustaafu. Ana ploti ya futi 50 kwa 100 huko Kitengela, ana akiba yake na mkopo wa chama cha ushirika, na hatapata fedha nyingine za kujengea. Akikosea, atalazimika kuishi ndani ya kosa hilo maisha yake yote. Msanifu anayeijua kazi yake hamwulizi mteja kama huyu anataka vyumba vingapi. Humwuliza nani ataishi humo. Je, kuna mama mkongwe asiyeweza kupanda ngazi? Wajukuu huja Desemba peke yake, au ndio wanaolelewa pale? Chakula hupikwa kwa gesi, kwa makaa au kwa kuni? Maji ya mfereji yakikatika kwa wiki mbili, tangi litakaa wapi? Na je, watoto watataka kuongeza orofa baadaye?

Swali hilo la mwisho huonekana dogo, lakini lina uzito mkubwa. Mijini kwetu tumezoea kuona nyumba ambazo nondo zake zinachungulia juu ya dari, ishara ya matumaini ya orofa ya pili. Aghalabu msingi wa nyumba hizo haukukadiriwa kubeba orofa hiyo. Anayenuia kupanda juu miaka 10 ijayo hana budi kulipia msingi na nguzo za orofa mbili leo, la sivyo aachane na wazo hilo.

Baada ya maswali ya watu huja maswali ya ardhi. Kitengela, Athi River na sehemu nyingi za Embakasi zina udongo mweusi unaovimba unyeshewapo na kusinyaa na kupasuka wakati wa kiangazi. Msingi ulioketi juu yake huinuka na kushuka pamoja nao, na nyufa za ukutani hufuata. Kwa hivyo mashimo ya kupimia huchimbwa kwanza ili kujua ardhi ngumu iko kina gani. Mara nyingi udongo huo huondolewa kabisa na mahali pake pakajazwa mawe na kifusi kilichoshindiliwa. Gharama yake humshtua mteja, kwani ni pesa zinazozikwa chini bila mgeni yeyote kuziona. Hapo ndipo msanifu mwaminifu anapomweleza mwalimu wetu kwamba nyumba ya vyumba vinne aliyoiota haitoshei katika fedha alizo nazo. Ni maneno machungu, lakini ni heri yasemwe mezani kuliko kugunduliwa kuta zikiwa zimefika kwenye linta.

Kisha kuna jua. Kwa kuwa Kenya imepitiwa na ikweta, jua la asubuhi na la alasiri ndilo hupenya madirishani likiwa chini, kutoka mashariki na magharibi. La adhuhuri huwa juu ya paa. Penye joto, pande ndefu za nyumba huelekezwa kaskazini na kusini, ambako ukingo wa paa wa kadiri unatosha kuleta kivuli. Upande wa magharibi huachiwa stoo, bafu na ngazi. Huko Limuru au Nyahururu mambo hugeuka, maana wakazi wa baridi hulitafuta jua na hupenda chumba cha kulala kinachopata miale ya asubuhi. Ramani moja haiwezi kufaa Mombasa na Limuru, hata iwe imechorwa kwa ustadi wa namna gani.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili kabla ya shahada za usanifu kuwapo. Mji wa Kale wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa turathi ya dunia, umejaa nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zenye kuta nene zinazochelewesha joto kuingia. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na kwa sababu boriti hizo hazina urefu mkubwa, vyumba vikawa vyembamba na virefu. Mtu huingia kwa daka lenye viti vya mawe, mahali pa kumpokea asiye wa nyumbani. Kutoka hapo njia hupinda kabla ya kufika kiwandani, ule ua wa ndani usio na paa, hivi kwamba mpita njia hawezi kuona walioko ndani hata mlango ukiwa wazi. Hali ya hewa, vifaa na heshima ya familia vimejibiwa kwa ramani moja. Wanaobomoa nyumba kama hizo ili wajenge masanduku ya saruji yanayohitaji feni mchana kutwa hawajui wanachokitupa.

Katika zama zetu, mfano unaotajwa sana ni wa Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, ambaye mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Pritzker, iliyo ya fahari kubwa zaidi katika usanifu majengo. Shule ya msingi aliyoibuni kijijini kwao ilikamilika mwaka 2001. Kuta zake ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na paa la mabati limeinuliwa mbali na dari, hewa moto ikapata njia ya kutoka. Hapa Kenya alibuni chuo cha teknolojia ya habari kando ya Ziwa Turkana, kilichokamilika mwaka 2021. Minara yake mirefu imeiga vichuguu vya mchwa: hewa moto hupanda na kutokea juu, na hewa safi huvutwa kupitia matundu ya chini. Katika mahali pa joto na vumbi kama pale, umbo hilo huzisaidia kompyuta na wanafunzi pia.

Upande wa sheria, nchini Kenya hakuna ruhusa ya kujiita msanifu majengo bila kusajiliwa na bodi inayowasimamia wasanifu na wakadiriaji gharama, chini ya Sura ya 525 ya sheria. Michoro huwasilishwa kwa serikali ya kaunti ili iidhinishwe, pamoja na ile ya mhandisi wa miundo, ambaye hukadiria nondo, nguzo na msingi. Kazi za wawili hawa hazifanani, na mmoja hawezi kushika nafasi ya mwenzake. Mnamo Aprili 29, 2016, jengo la orofa sita lililokuwa kando ya mto mtaani Huruma, Nairobi, liliporomoka usiku wa mvua kubwa na takriban watu 50 wakafa. Wapangaji hao hawakuwa na njia ya kujua kilichokuwa chini ya sakafu zao.

Malipo ya msanifu hugawanywa kwa hatua: michoro ya awali, michoro kamili, kutafuta mjenzi, na usimamizi. Wengi huikata hiyo ya mwisho ili kupunguza gharama, na hapo ndipo hasara huanza. Fundi akikosa mtu wa kumwuliza, hupandisha dirisha, husogeza mlango na kupunguza saruji kwa busara yake mwenyewe. Anayeshindwa kugharamia usimamizi wote aombe angalau msanifu na mhandisi wafike wakati wa msingi, wa linta na wa kuezeka. Mabadiliko nayo yafanywe karatasini, ambako kifutio kinatosha. Ukuta uliokwisha kujengwa huvunjwa kwa nyundo, na fundi hulipwa mara mbili.

Ama mwalimu wetu, mchoro wa tatu ndio uliomridhisha. Ana vyumba viwili badala ya vinne, chumba cha mama karibu na bafu pasipo ngazi hata moja, jiko lenye mlango wa kutokea kwenye varanda ya nyuma ambako kuni huwekwa, na ukuta wa mashariki usio na bomba wala nguzo, ulioachwa hivyo makusudi ili chumba cha tatu kiungwe hapo siku fedha zitakapopatikana.