Wake wa Muteesa na Kaburi la Ann Rutledge

Kampala hata anayelala ghorofa ya nne ana kijiji. Ukitaka kitambulisho cha taifa utatumwa kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, naye ataandika kwenye barua jina la kijiji chako, japo hapajaota mgomba hapo tangu enzi za babu zetu. Kasubi, upande wa Rubaga, ni mojawapo ya mahali pachache ambapo neno hilo bado lina mwili. Unaiacha Barabara ya Hoima na makelele ya boda boda, unapanda kilima, unaingia kwenye eneo la makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda: hekta zaidi ya 26, sehemu kubwa bado ni mashamba. Kabaka Muteesa I alijenga ikulu yake hapo mwaka 1882, akafariki 1884, na ikulu ikawa kaburi. Baadaye waliwekwa humo Mwanga II, Daudi Chwa II na Muteesa II.

Wageni huwajia wafalme. Mimi huwaangalia zaidi wajane. Mama utakayemkuta mkekani, gomesi imefungwa vizuri, anaweza kutambulishwa kwako kuwa mke wa Muteesa, bwana aliyeondoka zaidi ya miaka 140 iliyopita, na hakuna anayecheka. Mke wa awali alipofariki, ukoo wake ulimleta binti mwingine akalie nafasi yake, na baada yake mwingine. Jina la cheo linabaki, majukumu yanabaki, zamu inaendelea. Kabaka mwenyewe hahesabiwi kuwa amekufa. Ametokomea msituni, na msitu huo uko ndani ya nyumba, nyuma ya pazia la lubugo, kitambaa cha magome, ambalo mgeni halivuki.

Sasa weka kando ya Kasubi kijiji cha New Salem, jimbo la Illinois, Marekani. James Rutledge na John Camron walikianzisha mwaka 1829 juu ya Mto Sangamon, walikojenga kinu. Kilikuwa kijiji cha vibanda vya magogo: duka, fundi mapipa, mhunzi, mwalimu Mentor Graham, na vijana wa jirani wa Clary's Grove waliopenda mieleka kuliko jembe. Hakikumaliza hata miaka kumi na mitano. Makao ya kaunti yalipowekwa Petersburg, jirani tu, watu walihamia huko, wengine wakibomoa nyumba na kwenda nazo. Kufikia 1840 New Salem ilikuwa pori.

Kingesahaulika kama vingine vingi, ila kuanzia 1831 hadi 1837 aliishi hapo kijana mmoja mrefu aliyefungua duka likamfilisi, akawa mkuu wa posta, akapima ardhi. Abraham Lincoln alipokuwa mtu wa historia, kijiji nacho kilifufuliwa. Katika miaka ya 1930 serikali ya jimbo ilijenga upya majengo zaidi ya 20. La asili ni moja, karakana ya fundi mapipa. Leo watu waliovaa nguo za karne ya 19 huwaonyesha wageni namna ya kusokota uzi, kisha jioni huvua nguo hizo na kurudi makwao.

Rahisi kuwacheka, nami nilianza hivyo. Lakini Kasubi nayo imejengwa upya. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, iliteketea, na kesho yake watu watatu wakauawa kwa risasi kwenye vurugu za pale pale. Na hiyo iliyoungua haikuwa ya 1882 tupu: mwishoni mwa miaka ya 1930 ilikwisha kutiwa nguzo za zege. Kazi ya kuijenga upya ilichukua miaka mingi, ukoo wa Ngeye ukisimamia kuezeka kama ilivyo haki yake, na Septemba 2023 UNESCO ikaiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Tofauti ni kwamba moto ulipokwisha wajane walikuwepo bado, na waezekaji walikuwepo bado. New Salem ilipata nyumba bila watu wake.

Pwani ya Afrika Mashariki ina njia ya tatu ya kuhifadhi yaliyopita. Hati kongwe ya Habari za Pate, historia ya masultani wa Pate, inasemekana iliteketea Witu mwaka 1890, Waingereza walipoupiga mji huo mizinga. Aliyeirudisha ni Bwana Kitini, kwa kumbukumbu, wengine wakaandika kutoka kinywani mwake. Mji wa Pate wenyewe ni magofu yaliyozungukwa na tumbaku, ila orodha ya masultani wake utaipata.

Hapa Kampala huwa tunajisifu kwamba kumbukumbu yetu ni hai. Sawa, ila tuulize ni kumbukumbu ya nani. Yule mke wa kwanza, kabla hajawa nafasi ya kurithiwa, alikuwa mtu wa namna gani? Alimpenda Muteesa, au aliletwa na wazee wa ukoo akiwa na mchumba wake kwao? Utaratibu wa Kasubi umemhifadhi kwa kumfuta. Pate imefanya vivyo hivyo: sultani ana jina, mvuvi hana. New Salem, kwa upande wake, imewafanya wanakijiji wote kuwa wapambe wa Lincoln.

Aliyejaribu kufanya kinyume ni mshairi Edgar Lee Masters, aliyekulia Petersburg hiyo hiyo na Lewistown, mji mwingine wa Illinois. Katika Spoon River Anthology, iliyotoka kama kitabu mwaka 1915, wafu zaidi ya 200 wa mji mdogo wanasema kila mmoja kutoka kaburini: mlevi, hakimu, mke aliyechoka. Hakuna anayerithiwa wala kumwakilisha mwingine. Watu wa Lewistown walijitambua humo, wakakasirika, na kwa miongo mingi kitabu hakikuwa na nafasi kwenye maktaba ya mji.

Hata yeye hakuwasikia wote. Karibu na Lewistown, mwaka 1927, Don Dickson alifukua kilima cha maziko ya wenyeji wa kale, na mifupa ya watu zaidi ya 200 ikaachwa wazi watalii waitazame hadi 1992, malalamiko ya Wamarekani Asilia yalipofanya maonyesho hayo yafungwe.

Na kuna Ann Rutledge, binti wa mwanzilishi wa New Salem, aliyefariki 1835 na ambaye husemwa alipendwa na Lincoln. Wanahistoria bado wanabishana. Mwaka 1890 mmiliki wa maziara mapya ya Petersburg alihamishia mabaki yake huko ili maziara yapate jina. Baganda hawatashangaa: Mwanga alirudishwa kutoka Ushelisheli mwaka 1910, Muteesa II kutoka London mwaka 1971, Idi Amin akihitaji Baganda wamkubali. Ila mwaka 1921 Ann aliwekewa jiwe lenye shairi la Masters, linalosema kwa kinywa chake. Binti halisi amelala chini ya maneno ambayo hakuyasema.

Huo ndio ubaya wa dawa ya Masters, na bado naiona bora kuliko ukimya. Kasubi haijampata mtu wa aina yake, na akitokea kesho sidhani kama Mengo, makao ya ufalme wa Buganda, itampokea vizuri zaidi ya Lewistown.